Zhongxinshe: shirika la habari linalowaandikia Wachina walioko nje ya China

Ukiletewa habari ya Kichina na kuambiwa "hii imetoka Xinhua", tazama kwanza herufi tatu za mwanzo. Xinhua huandikwa 新华社. Lakini kuna nyingine, 中新社, inayosomwa Zhongxinshe, na hiyo si Xinhua hata kidogo. Ni kifupi cha Zhongguo Xinwen She, shirika ambalo kwa jina lake la Kiingereza hujulikana kama China News Service. Kinachochanganya ni kwamba herufi mbili kati ya tatu zinafanana. 社 ni "shirika" kotekote, ila 新, yaani "mpya", ina kazi mbili tofauti: kwenye Xinhua inamaanisha China mpya, na kwenye Zhongxinshe ni nusu ya neno xinwen, habari.

Yote mawili ni ya dola, na makao yake yako Beijing. Xinhua ilianza mwaka 1931 kwa jina jingine, vitani, na ndiyo inayotoa kauli rasmi ya serikali. Ukitaka kujua Baraza la Taifa, yaani baraza la mawaziri la China, limeamua nini, maneno yatakayochapwa kila mahali ni ya Xinhua. Zhongxinshe ilizaliwa baadaye, 1952, kwa ajili ya msomaji mmoja tu: Mchina anayeishi nje ya China bara. Kila kitu chake kinaanzia kwa msomaji huyo, kuanzia lugha na urefu wa habari hadi jambo gani litangulie na lipi lifichwe chini.

Kichwa cha habari zake kina muundo usiobadilika, nao unasomeka kama anwani ya barua. Chukua huu: 中新社内罗毕4月5日电. Maana yake ni Zhongxinshe, Nairobi, mwezi wa 4, tarehe 5, halafu herufi moja, dian. Dian ni umeme. Hapa inasimamia simu ya maandishi, ile tuliyokuwa tukisema "kupeleka simu" kabla simu haijawa kitu cha kusikiliza. Ni miaka mingi sasa tangu habari ziache kupita kwenye waya wa telegrafu, ila herufi imebaki. Baada yake huja mabano yenye jina la mwandishi. Habari ikianza na 中新网, Zhongxinwang (wang ni mtandao), badala ya 中新社, ujue imeandikwa kwa ajili ya tovuti ya shirika, ambayo inasomwa pia na watu wa ndani ya China. Herufi moja ya mwisho, she au wang, inakuambia habari ilikusudiwa iende wapi.

Kwa nini dola moja iwe na mashirika mawili

Mwaka 1952 Wachina wengi wa nje walikuwa Asia ya Kusini-Mashariki: Malaya, Singapore, Indonesia, Thailand, Ufilipino. Walikuwa na magazeti yao, tena yenye nguvu, na wenye magazeti walikuwa wafanyabiashara. Nanyang Siang Pau lilianzishwa Singapore mwaka 1923 na Tan Kah Kee, tajiri wa biashara ya raba. Sin Chew Jit Poh lilifuata mwaka 1929, mali ya Aw Boon Haw, yule wa dawa ya kuchua yenye chapa ya chui milia ambayo hata madukani kwetu ipo. Magazeti hayo hayakuweza kuchapa habari za Xinhua hivi hivi. Serikali za kikoloni zilikuwa zinaogopa ukomunisti, na wasomaji wenyewe waligawanyika: wengine Beijing, wengine Taiwan, na wengi walichotaka ni kujua tu kama mto umefurika kijijini kwao.

Ndipo likaundwa shirika lenye sauti nyingine. Aliyesimamia wazo hilo kwa karibu ni Liao Chengzhi, kiongozi wa serikali aliyeshughulikia Wachina wa ng'ambo, mzaliwa wa Tokyo mwaka 1908, mtu aliyekulia nje na kujua kwamba hotuba ya Beijing haisomeki kwenye duka la vitambaa la Jakarta. Habari za Zhongxinshe zilianza kurushwa tarehe 1 Oktoba 1952, na zilisomwa redioni kwa mwendo wa imla, polepole, ili mhariri aliyeko ng'ambo akae na kalamu na kuandika neno kwa neno. Njia hiyo inaonekana ya kizamani mpaka ukumbuke telegrafu ya Kichina ilivyokuwa. Kila herufi ilipewa tarakimu nne, kuanzia 0000 hadi 9999. "Zhongwen", lugha ya Kichina, ilisafiri kama 0022 2429. Opereta akikosea tarakimu moja, herufi nyingine kabisa inatokea, na gazeti dogo halikuwa na mtu wa kuketi na kitabu cha tarakimu usiku kucha. Redio ilihitaji sikio na karatasi tu. Makala ndefu na picha zilikwenda kwa barua za ndege.

Shughuli hizo zilivurugwa na Mapinduzi ya Utamaduni, zikafufuliwa 1978. Wakati huo soko lenyewe lilikuwa limehama. Indonesia, baada ya 1965, ilipiga marufuku magazeti ya herufi za Kichina isipokuwa moja lililosimamiwa na serikali, na marufuku hiyo ilidumu hadi Suharto alipoondoka mwaka 1998. Singapore iliunganisha Nanyang na Sin Chew mwaka 1983, likazaliwa Lianhe Zaobao. Wahamiaji wapya walikuwa wakielekea Marekani, Kanada, Australia na Ulaya.

Msomaji mwenyewe ni nani

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa sababu Kiswahili kinasema "Wachina wa ng'ambo" na kumaliza. Kichina kina maneno mawili, na tofauti yake ni ya kisheria. Huaqiao ni raia wa China aliyehamia nje na kuweka makazi huko. Huaren ni mtu wa asili ya Kichina mwenye uraia wa nchi nyingine. Mkandarasi aliyekuja Dar es Salaam kwa kibali cha kazi cha miaka miwili si huaqiao wala huaren; yeye ni raia aliye safarini. Bibi aliyezaliwa Penang, mwenye pasi ya Malaysia, ni huaren. Mwanawe aliyehamia Melbourne naye ni huaren, wa nchi nyingine.

Tofauti hiyo ilikuja kwa gharama. Zamani China ilimhesabu kila mwenye baba Mchina kuwa raia wake popote alipo, na nchi zilizotoka kupata uhuru ziliona hilo ni tishio. Mwaka 1955, wakati wa mkutano wa nchi za Asia na Afrika huko Bandung, waziri mkuu wa China Zhou Enlai alitia saini mkataba na Indonesia wa kumaliza uraia wa nchi mbili. Sheria ya Uraia ya mwaka 1980 ikafunga mlango: ibara ya tatu inasema China haitambui uraia pacha. Kwa hiyo shirika linalowaandikia "Wachina" nje linawaandikia, kwa sehemu kubwa, raia wa nchi nyingine. Maofisa wa China hutaja jumla ya watu wapatao milioni 60, na walio wengi ni huaren.

Neno lisilofaa likipita, matatizo huanza. Ukimwita mbunge wa Kanada mwenye asili ya Guangdong "huaqiao", umemwambia mpiga kura wake kwamba mbunge wao ni raia wa China. Ndiyo maana waandishi wa shirika hutumia sana zuji, "asili ya mababu": fulani, Mmarekani, zuji yake Taishan. Neno jingine utakaloliona ni qiaobao, ambalo lina harufu ya undugu wa damu, na huko ndiko ubishi ulipo. Anayelisoma akiwa Beijing huona upole. Afisa wa usalama akilisoma akiwa Canberra huona dai. Binafsi naona wote wawili wamesoma sawasawa.

Mteja ni mhariri

Kosa la pili ni kudhani kwamba shirika la habari linaongea na msomaji moja kwa moja. Linaongea na mhariri wa gazeti dogo mwenye kurasa tupu. Gazeti la Kichina katika mji kama Budapest au Johannesburg huendeshwa na watu wachache sana: mwenye gazeti ambaye pia ndiye anayetafuta matangazo, mhariri mmoja au wawili, na mpangaji wa kurasa. Matangazo yanatoka kwa wakala wa tiketi, mwanasheria wa uhamiaji, mgahawa, duka la jumla. Ukurasa wa mji wao wenyewe wanauweza. Ukurasa wa China, wa Taiwan na Hong Kong, wa dunia, wa filamu na wa afya, hawauwezi; hawana mtu wa kuwatuma.

Zhongxinshe huwauzia wateja wa aina hiyo huduma mbili. Ya kwanza ni habari na picha mojamoja, gazeti lichague. Ya pili, ambayo ndiyo yenye uzito, huitwa gongban, yaani kupewa ukurasa mzima uliokwisha kupangwa. Vichwa vya habari vimekaa, picha zimekaa, maelezo ya picha yamekaa. Gazeti linaongeza jina lake juu na namba ya ukurasa, kisha linapeleka kiwandani. Saa nazo zinasaidia. Beijing ikiwa saa 12 jioni, New York majira ya joto ni saa 12 asubuhi, na Nairobi ni saa 7 mchana. Ukurasa uliokamilika Beijing kabla watu hawajatoka kazini unamkuta mhariri wa Amerika ndiyo kwanza anakunywa chai.

Matokeo yake, msomaji anashika gazeti lenye jina la mji wake, linalomilikiwa na mtu anayemfahamu, lakini theluthi au nusu ya kurasa zimepikwa kwingine. Hakuna uwongo uliosemwa. Aghalabu alama ya shirika ipo, kwa herufi ndogo mwanzoni mwa aya. Ila uchaguzi wa nini kiwe habari umefanyika Beijing, na hicho ndicho kisichoonekana. Mtu anayewinda sentensi ya uongo kwenye kurasa hizo atachoka bure. Atafute kilichokosekana: maandamano ambayo magazeti mengine ya siku ileile yaliyaandika, kifo cha mtu fulani gerezani, au upande wa pili wa kesi.

Magazeti mengine yamejiepusha na utegemezi huo kwa kuwa na mfuko wao. World Journal, lililoanza Marekani mwaka 1976, lilizaliwa na kundi la United Daily News la Taiwan. Ming Pao na Sing Tao yana mizizi Hong Kong. Epoch Times, la wafuasi wa Falun Gong, kundi la kiroho lililopigwa marufuku China, lilianza mwaka 2000 na linaipinga Beijing wazi, huku nalo likiwa na ajenda yake. Kwa hiyo msomaji wa Kichina wa New York ana meza pana kuliko wengi wanavyodhani. Wa mji mdogo wa Afrika au Ulaya ya Mashariki hana.

Uhusiano na wahariri hautunzwi kwa mkataba peke yake. Tangu 2001, ulipofanyika wa kwanza Nanjing, shirika limekuwa likiandaa mkutano wa vyombo vya habari vya Kichina duniani katika miji tofauti ya China. Mhariri anayefunga kurasa peke yake usiku hukaribishwa, hutembezwa viwandani, hupigwa picha na viongozi wa jimbo. Akirudi, namba za simu anazo.

Herufi zinapogoma

China bara ilianza kurahisisha herufi mwaka 1956. Taiwan, Hong Kong na wahamiaji wengi wa zamani waliendelea na herufi za jadi. Shirika linaloandika kwa herufi rahisi na kuuza kwa gazeti la herufi za jadi lazima ligeuze, na kugeuza si kubadilisha fonti. Kurahisisha kuliunganisha herufi kadhaa kuwa moja, hivyo ukirudi nyuma ni lazima uchague. 发 ya herufi rahisi inaweza kuwa 發, "kutoa, kuendelea", au 髮, "nywele". Programu isiyoangalia maneno jirani inaandika "nywele" kwa herufi ya "kuendelea", na kinyozi wa Chinatown anacheka. 后 inaweza kuwa 後, "baadaye", au kubaki 后, "malkia". 面 inaweza kuwa uso, au ikahitaji kugeuka 麵, tambi. Tangazo la mgahawa lenye "uso wa nyama ya ng'ombe" limekwisha kuchapwa mara nyingi duniani.

Kompyuta ziliongeza lao. China bara ilipanga herufi zake kwa mfumo wa GB2312 wa mwaka 1980, wenye herufi 6,763. Taiwan ikaja na Big5 mwaka 1984. Ukifungua faili la mmoja kwa mfumo wa mwingine, skrini inajaa herufi halali zisizo na maana yoyote, na dawa ni kulifungua upya kwa mfumo wake. Tawi la Hong Kong liliingia intaneti mwaka 1995, mapema sana kwa chombo cha Kichina, na tovuti kuu ikafuata mwaka 1999. Kwa miaka hiyo kila ukurasa ulihitaji sura mbili. Siku hizi Unicode, mfumo mmoja wenye herufi za lugha zote, imemaliza ugonjwa huo. Ule wa nywele haujapona kabisa.

Kisha kuna majina. Hata herufi zikigeuzwa vizuri, msamiati haufanani. Rais Trump ni Telangpu kwa China bara na Chuanpu kwa Taiwan. Sydney ni Xini kwa mmoja, Xueli kwa mwingine. Na sisi tumo: China bara husema Kenniya, Taiwan husema Kenya, kwa sauti inayokaribia sana ya kwetu, Tanzania ni Tansangniya upande mmoja na Tanshangniya upande wa pili.

Simu ya mkononi na mwenye shirika

Gazeti la karatasi linapungua, na wahamiaji wa miaka ya karibuni wanasoma WeChat, iliyoanza Januari 2011. Huko magazeti yamegeuka akaunti za umma. Akaunti ya aina ya usajili inaruhusiwa kusukuma habari mara moja kwa siku; ya aina ya huduma, mara nne kwa mwezi. Kikomo hicho kimebadilisha uhariri: habari ya kwanza kwenye furushi ndiyo inayofunguliwa, zilizobaki zinaonekana kama mistari tu. Akaunti iliyosajiliwa China iko chini ya sheria za China, hata kama mhariri wake anakaa Toronto. Habari inaweza kufutwa saa chache baada ya kutoka, na msomaji anakuta kibandiko kinachosema imekiuka kanuni. Mhariri aliyefutiwa mara mbili hujifunza mwenyewe lipi asiguse. Hahitaji kupigiwa simu.

Hadi 2018 Zhongxinshe ilikuwa chini ya Ofisi ya Masuala ya Wachina wa Ng'ambo ya Baraza la Taifa. Mwezi Machi mwaka huo ofisi hiyo ilimezwa na Tongzhanbu, idara ya Chama cha Kikomunisti inayoshughulika na kuwavuta upande wa Chama watu walio nje yake. Shirika likaenda nayo. Kwa anayejua mambo, hilo liliweka wazi jambo lililokuwapo. Kwa wanasheria wa nchi nyingine, lilibadilisha karatasi. Tarehe 22 Juni 2020 Marekani iliitangaza Zhongxinshe, pamoja na CCTV, People's Daily na Global Times, kuwa ni ofisi za serikali ya kigeni. Tangazo hilo halikuzuia kuandika. Lilidai orodha ya wafanyakazi na ya mali isiyohamishika. Siku chache baadaye Beijing ikadai taarifa za namna hiyo kwa vyombo vya habari vya Marekani: AP, UPI, CBS na NPR.

Ukiipata mezani kwako

Kwa Afrika Mashariki, China inaongea nasi kwa milango mingine. Redio ya Beijing imetangaza kwa Kiswahili tangu 1961, Xinhua ina ofisi yake kuu ya Afrika jijini Nairobi, na televisheni ya CGTN iliweka kituo hapo mwaka 2012. Zhongxinshe haituandikii sisi. Hiyo ndiyo faida yake kwa mwandishi wa huku anayejua Kichina kidogo, au mwenye mfasiri mzuri: unasikia wanavyoambiana wenyewe.

Chukua makaburi ya wataalamu wa Kichina pale Gongo la Mboto, Dar es Salaam, walikolala zaidi ya watu 60 waliokufa kwenye ujenzi wa TAZARA na miradi mingine. Kila mwanzo wa Aprili, wakati wa Qingming, siku ya kufagia makaburi ya wazazi, ubalozi na kampuni za Kichina huenda kuweka maua. Habari iliyolengwa kwetu itazungumzia urafiki wa Tanzania na China na reli ya kilomita 1,860. Iliyolengwa kwa Mchina wa ng'ambo itazungumzia waliozikwa mbali na kwao, jimbo walikotoka, na nani aliyefagia. Au chukua Pate. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, amiri wa meli za China, msichana wa Siyu aliyetajwa kuwa na damu ya mabaharia wa Kichina alipelekwa kusomea udaktari China. Kwetu ilikuwa habari ya ufadhili wa masomo. Kwa msomaji wa Penang ilikuwa habari ya ukoo, naye ana hamu ya koo kuliko ya ufadhili.

Unapotafsiri, kosa linaloumiza zaidi ni la sifuri. Kichina hakihesabu kwa elfu na milioni, kinahesabu kwa wan, ambayo ni 10,000, na yi, ambayo ni milioni 100. Yi 1.5 ni milioni 150. Anayeona "1.5" na neno kubwa mbele yake hukimbilia "bilioni 1.5", na mradi wa maji wa wilaya moja unageuka bajeti ya wizara. Wan 6,000 ni milioni 60. Aliyezoea laki ana nafuu kidogo, maana wan 10 ni laki moja kamili.

Tazama pia tarehe. Habari ya Los Angeles yenye tarehe 2 inaweza kuwa ya jambo lililotokea jioni ya tarehe 1. Tafuta maneno dangdi shijian, "saa za huko", yanayotangulia siku halisi. Kama hayapo, usiandike siku ya wiki kabla hujathibitisha. Na nukuu ikiwa ya balozi, tafuta taarifa ya ubalozi yenyewe, kwa sababu maneno ya Kiswahili au Kiingereza yaliyosemwa ukumbini hufika kwenye habari yakiwa yamefupishwa kwa Kichina, na ukiyarudisha kwa Kiswahili unamlisha mtu maneno.

La mwisho ni Zanzibar, na linafaa unapotaka kujua kama gazeti la mbali lilihariri au lilimwaga tu. China bara huandika Sangjiba'er, Taiwan huandika Shangjiba. Ukikuta gazeti la herufi za jadi limechapa habari yenye 中新社 mwanzoni, na ndani yake kisiwa kinaitwa Shangjiba, basi kuna mtu aliyeisoma kabla haijakwenda kiwandani.